Kikosi cha zimamoto cha kujitolea mwaloni: mafunzo tuanzie wapi?

mwana_mwalo
Wakuu, habari zenu. Kijiji chetu kipo kisiwani Kome, Buchosa. Mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga na kushusha samaki, vibanda vya mabati, mabanzi na turubai vimebanana, na petroli ya mashine za mitumbwi inalala humo humo kwenye madumu ya lita 20. Hatua chache pembeni akina mama wanakaanga samaki kwa kuni. Gari la zimamoto likitoka Mwanza mjini, hata likipita daraja la Kigongo–Busisi, bado litasubiri kivuko. Serikali ya kijiji na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) wamekubali tuunde kikosi cha watu 20 wa kujitolea. Tunayo pampu ya petroli ya inchi 2 ya kumwagilia bustani, mipira ya mita 60, na fedha kidogo. Tuchague watu gani, tuwafundishe nini kwanza, na hiyo pampu itafaa?

kamanda_mstaafu
Hongereni kwa kuanza kabla ya moto. Kabla ya vifaa, angalieni mwezi. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Mkijaza kikosi vijana wa dagaa watupu, nusu ya mwezi mwalo unabaki bila mzimaji hata mmoja usiku. Angalau 12 kati ya hao 20 wawe watu wasioingia ziwani: wakaangaji na waanikaji, wenye maduka, mafundi mashine, bodaboda, mgambo. Akina mama wasiwekwe kwenye ndoo tu, nao washike pampu na mpira. Mazoezi ya wote yafanyike mbalamwezi, wakati kila mtu yupo.

La pili ni upepo. Mchana kwa kawaida unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Kwa hiyo moto wa usiku unasukumwa kuelekea majini, yaani kwenye mitumbwi na madumu yenu. Pampu ikikaa ufukweni moja kwa moja chini ya moto, mwendeshaji atakosa hewa kwa moshi. Chagueni sehemu mbili za kuweka pampu, moja kila upande wa mwalo, mzisafishe na kuzipigia vigingi mapema.

Somo la kwanza kabisa liwe amri na hesabu ya watu. Kiongozi ni mmoja, naye hashiki ndoo wala mpira. Kazi yake ni kutazama. Filimbi moja ndefu: simama unisikilize. Filimbi fupi fupi mfululizo: acha kila kitu, rudi mahali pa kukutania, tuhesabiane. Ya kuita watu msitumie filimbi, pigeni mwano, yaani yowe la kuita msaada, huku kwetu hakuna asiyeujua. Na mmoja apige 114 dakika ile ile, hata kama gari litachelewa: ataje kijiji, kivuko cha karibu, kinachoungua, na kama kuna mtu ndani. Mtendaji wa kijiji awaandikie pia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje kuwafundisha. Elimu kwa wananchi ni sehemu ya kazi yao.

fundi_pampu
Pampu ya inchi 2 inafaa, lakini ijueni mipaka yake. Nyingi zimeandikwa lita 600 kwa dakika na kimo cha kusukuma mita 30 hivi. Namba hizo mbili hazipatikani kwa pamoja: ukipata maji mengi, nguvu imeshuka. Mpira wa inchi 2 ulio wazi mdomoni unamwaga maji miguuni pako. Fungeni nozeli yenye tundu la milimita 12. Maji yatapungua hadi kama lita 130 au 150 kwa dakika, lakini yatafika mbali na kupiga shina la moto.

Upande wa kufyonza ndiko pampu nyingi zinakoshindwa. Mpira wake uwe mgumu wenye waya au plastiki ngumu ndani. Ule laini wa kukunjika unajibana na maji hayaji. Jazeni maji kwenye kifua cha pampu kabla ya kuwasha, maana ikizunguka kavu sili inaungua haraka sana. Ikipita dakika mbili haijavuta, zimeni mtafute hewa inapoingilia: raba ya kiungo imekosekana, au kiungo hakijakazwa. Paka grisi kwenye nyuzi za kiungo.

Ziwa letu lina magugu maji, na chujio la kiwandani linaziba kwa muda mfupi. Litumbukizeni ndani ya tenga lililofungwa wavu wa dagaa kuukuu, kisha mlining'inize kwa kamba kwenye dumu tupu la lita 5 linaloelea. Likae sentimita 30 au zaidi chini ya maji. Likiwa juu zaidi ya hapo linavuta hewa, likigusa chini linakula mchanga.

Jingine: msijaze petroli ya mtumbwi iliyochanganywa oili. Pampu hizi nyingi ni za mipigo minne, oili yake ina sehemu yake; mchanganyiko ule unachafua plagi, na siku ya moto mtavuta kamba hadi mkono uchoke. Wekeni dumu lake lenye alama. Kila wiki iwasheni dakika 10 ikiwa inavuta maji, kisha fungeni koki ya mafuta iache izime yenyewe, kabureta ibaki tupu.

mwana_mwalo
Asanteni sana. Nyumba za juu, karibu na shule, zipo kama mita 15 juu ya ziwa. Maji yatafika? Na petroli ikishika moto tufanyeje?

fundi_pampu
Kutoka ziwani yatafika bila nguvu. Ukitoa 15 kwenye 30, na mpira nao unakula chake, kilichobaki hakitoshi kwa nozeli. Wekeni simtanki la lita 2,000 huko juu lijae wakati wote, pampu ibebwe ikavute hapo. Kwa nozeli hiyo mna kama dakika 13 hadi 15.

Na msiidharau ndoo. Ndoo ya lita 10 ikibeba lita 8, na moja ikamwagwa kila sekunde 4, hizo ni lita 120 kwa dakika, karibu sawa na pampu yenu. Pangeni mistari miwili, wa ndoo zilizojaa na wa tupu, mtu kila mita moja na nusu. Mstari hukwama kwa mchotaji, kwa hiyo wawe watatu, na wabadilishwe kila baada ya dakika 5. Ndoo za lita 20 ziacheni, zinamaliza watu.

kamanda_mstaafu
Petroli inaelea juu ya maji. Ukiimwagia ndoo unaitembeza hadi kibanda cha jirani. Nunueni mitungi ya kuzimia moto, ile ya unga (poda), ya kilo 6, angalau minne, itundikwe nje ya vibanda, si ndani. Mtungi mmoja unaisha kwa sekunde 15 hadi 20 tu, kwa hiyo waingie wawili wawili, upepo ukiwa mgongoni, kutoka mita 2 au 3: vuta pini, elekeza kwenye shina, bonyeza, fagia kushoto na kulia. Usigeuze mgongo baada ya kuzima, petroli hushika tena. Kilichomwagika kidogo kifunikeni kwa mchanga mkavu. Ila dawa yake hasa ni kuyatoa madumu vibandani na kuyajengea banda la peke yake lenye hewa, mbali na majiko.

Kibanda kilichokwisha kushika chote mkiache. Okoeni cha pili na cha tatu: lowesheni, vueni turubai, ng'oeni mabanzi kwa kulabu ya nondo ya milimita 12 iliyofungwa kwenye upondo. Hilo lifanyieni mazoezi hadi kibanda kibomoke ndani ya dakika 3. Wenyeji wakubaliane mapema kwenye mkutano wa kijiji, la sivyo mwenye kibanda atawazuia mlangoni.

muuguzi_kisiwani
Naongeza langu, na naomba lichukuliwe kwa uzito. Kitambaa kilicholowa hakizuii hewa ya sumu ya moshi. Bila mitungi ya hewa mgongoni, mtu wa kujitolea haingii chumba kilichojaa moshi, hata akisikia sauti ndani. Avunje dirisha au ukuta wa mabanzi kutoka nje, amvute kwa huko. Wafundisheni hilo kwa kurudia, maana mzazi au jirani atakimbilia ndani tu.

Nguo ziwe za pamba, mikono mirefu. Jezi za nailoni zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, afunikwe kitambaa safi kisichoganda, apelekwe zahanati. Asipakwe dawa ya meno, asali, mafuta wala unga. Wekeni ndoo yenye koki na maji safi pale pale mahali pa kukutania.