Mdogo wangu mmisionari kahamishiwa Moshi: hanywi chai, kahawa wala mbege. Ataishije Uchagani?

Dada wa Temeke
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wenyeji wa Moshi, hasa Rau na kupandisha kule Uru.

Mdogo wangu ana miaka 20. Mwaka juzi alibatizwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale mnaowaita Wamormoni (yeye jina hilo halipendi, anasema tangu 2018 rais wa kanisa lao aliomba waitwe kwa jina kamili). Nyumbani sisi ni Wakatoliki. Mama ubatizo aliukubali kishingo upande, ila siku kijana aliposogeza kikombe cha chai pembeni akasema hanywi tena, mama alilia. Msibani hakulia vile.

Sasa yuko kwenye misheni ya miaka 2, na wiki 2 zilizopita kahamishiwa Moshi. Anapiga simu kila Jumatatu, siku yao ya kufua na kwenda sokoni. Jumatatu hii nimemwona kanyong'onyea. Anasema kila mlango wanaofunguliwa kuna chai, kahawa au kata ya mbege (ile pombe ya ndizi ya Kichaga), na kila akikataa, mazungumzo yanakufa hapohapo. Mwenza wake wa misheni, maana wanatembea wawili wawili, ni Mmarekani wa Utah, miaka 19, Kiswahili chake bado kinatambaa, kwa hiyo maneno yote ni ya mdogo wangu. Na yeye Kichaga hajui hata salamu.

Akatae vipi bila kuonekana ana dharau? Nawasilisha.

Chuma cha Pasua
Hao si ndio wale wa wake wengi? Na Ufrimasoni juu. Mrudisheni mtoto nyumbani.

Nilirudi Salama
Mkuu Chuma, ndoa za wake wengi kanisa lilitangaza kuziacha mwaka 1890. Ukioa wa pili leo unafukuzwa. Hayo mengine ni ya kijiweni.

Dada, mimi nilimaliza misheni yangu, si Moshi lakini. Siku yake iko hivi: kuamka saa 12:30 asubuhi, mazoezi kidogo, sala, kusoma maandiko peke yake na kisha na mwenza, halafu barabarani. Saa 3 usiku wawe ndani, saa 4:30 taa zimezimwa. Muda wote yuko na mwenza, wanaachana mlango wa choo tu. Uhamisho unaweza kuja kila baada ya wiki 6, kwa hiyo ukianza kuwajua mbwa wa mtaa kwa majina, ujue unakaribia kuondoka.

Wiki za kwanza za eneo jipya ni ngumu kwa kila mtu. Wale uliowazoea umewaacha, huku unaonekana mkusanya madeni kwa hilo shati jeupe na tai. Asidhani kosa ni lake.

Kuhusu vinywaji, hiyo sheria inaitwa Neno la Hekima, ni ya mwaka 1833. Kinachokatazwa ni chai ya majani ya chai, kahawa, pombe na tumbaku. Mchaichai ruksa, tangawizi na maziwa ruksa. Wenyeji hawalijui hilo, wanadhani mtu kakataa kila kinachotoka jikoni.

Mangi wa Rau
Dada, kijana wako kakosea mlango wa kuingilia. Huku kata ya mbege si kileo tu. Mwenye nyumba anaonja kwanza, akuonyeshe hakuna sumu, ndipo anakupa. Ukisema "sinywi pombe" amesikia "sikuamini".

Mimi ningempokea mwenye nyumba kata kwa mikono miwili, nishukuru, nimpe aliyekaa jirani yangu. Kisha niombe chakula. Mtori, machalari, kiburu, kitawa, chochote. Sijawahi kuona Mchaga aliyemchukia mtu aliyelamba bakuli la mtori likabaki safi.

Na salamu ajifunze. Akimshukuru mwanaume aseme "aika mbe", mwanamke "aika mae". Akichanganya watacheka, na wakicheka kashaingia.

Nilirudi Salama
Mangi, la kushika kata sikubaliani nawe. Akipita mtu barabarani akaona mmisionari kashika kata, kesho mtaa mzima wana habari. Aseme ukweli mapema, mikono ikiwa mitupu.

Mangi wa Rau
Haya, wewe ndiye uliyevaa beji ya umisionari. Mimi nasema nilivyolelewa.

Mama Kiboriloni
Mleta uzi, kwangu hao vijana walishafika, si huyo wako, wengine. Waliona kabisa nawasha moto. Waliona nachambua majani. Chai imeiva, nimemimina vikombe viwili na mkate nimekata, ndipo wananiambia hawanywi! Wamekaa wima kama wamemeza mti. Niliudhika, sitaficha. Wangeniambia mapema nisingechoma kuni zangu.

Mwambie hivi: akishakaa tu, kabla mama mwenye nyumba hajainuka, aombe maji ya kunywa. "Mama, naomba maji, kilima kimenitoa jasho." Hakuna anayenyimwa maji, na ukishampa mtu maji umeshamkaribisha. Mkono wako umetoa, roho imetulia. Chai ikishainjikwa ndiyo shida, maana hairudi kwenye kopo.

Jambo lingine. Asubuhi tuko vihambani, kwenye migomba yetu, au tunakata majani ya ng'ombe. Wao wanakuja saa 4 na vitabu. Mtu ana mzigo wa majani kichwani, atasikiliza nini? Wabebe kwanza huo mzigo.

Chuma cha Pasua
Na tai?

Mama Kiboriloni
Na tai hiyohiyo. Wanafua Jumatatu si umesikia?

Dada wa Temeke
Asanteni sana, hasa Mama Kiboriloni. Nimesahau kitu kingine kinachomwaibisha: kanisani kwao vijana wa kiume wanaitwa "Mzee", na kwenye beji imeandikwa hivyo hivyo. Babu mmoja wa Uru kaisoma, kamwuliza, "Mzee? Una wajukuu wangapi?"

Mangi wa Rau
😂😂 Ajibu, "Shikamoo babu, mimi mzee mwanafunzi." Atapata kiti.

Dada wa Temeke
MREJESHO. Kapiga jana. Nyumba nyingi bado wanafungiwa, na mvua imewanyeshea toka Uru mpaka Rau viatu vikajaa tope. Lakini aliomba maji mapema kama alivyoelekezwa, nyumba tatu, na zote tatu walikaa zaidi ya nusu saa. Kwa yule babu wamebeba majani ya ng'ombe, Mmarekani kambebea upande usiofaa, majani yote yakamwagika njiani, babu kacheka mpaka kakaa chini. Wakapewa kitawa. Mbege babu kanywa mwenyewe, kasema "hii ni ya wazee wasio na beji".

Hajabatiza mtu. Ila kaongea kwa kasi kama zamani, na kamwomba mama amtumie mchaichai, awe anawapelekea wenyeji wampikie huo. Mama hakujibu kitu. Jioni nimemkuta uani anauanika kwenye ungo, mchaichai wote wa bustani kaukata.

Kifurushi cha basi Dar mpaka Moshi ni shilingi ngapi siku hizi, kwa anayejua?