Naomba ushauri: kulinganisha kauli za viongozi wetu kuhusu usawa wa rangi

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa historia hapa Dodoma, na ninaandaa mada ya kidato cha sita kuhusu namna viongozi wetu walivyouzungumzia usawa wa rangi. Mwanzo hauna utata: Oktoba 1961, Nyerere alikataa katakata bungeni uraia wa kufuata rangi ya ngozi, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali, ingawa TANU, chama chake, yenyewe iliendelea kuwapokea Waafrika peke yao hadi 1963 (jambo ambalo wanafunzi hulidaka upesi mno). Ninapokwama ni miaka ya 1990, Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alipowashambulia majukwaani wafanyabiashara wenye asili ya Asia akiwaita “magabacholi”, kisha ukapamba moto mjadala wa uzawa (yaani kuwapa wazawa Waafrika kipaumbele katika uchumi), na hatimaye ikaja Sheria ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ya 2004, ambayo jina lake linataja wananchi tu.

Je, niwaeleze wanafunzi kwamba msimamo uligeuka, au kwamba madai ya kiuchumi ya tangu uhuru yalibadilishiwa lugha? Mimi naelekea la pili. Aidha, aliyewahi kupekua Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) za 1961 anielekeze utaratibu wa kuzipata.