Naomba ushauri: niuze bango la Dracula aliloacha marehemu mzee?

Mwana wa Mtambo
Wakuu, habari za jioni. Marehemu mzee wangu aliendesha mtambo wa sinema hapa Dar miaka ya sitini. Alituachia bango la Dracula ya 1958, ile ya Christopher Lee. Upana wake kama mita moja, lina alama za mikunjo, na kona ya kushoto imeliwa na mende. Kuna mgeni anayekusanya mabango anatoa 1,500,000. Hiyo ni bei ya haki au naibiwa? Siku ya tatu leo sipati usingizi.

Babu Ukutani
Umenikumbusha mbali, mwanangu. Pale Drive-In, sinema ya wazi ya kutazama ukiwa garini, sisi watoto tulikuwa tunachungulia kutoka nje, picha tunaiona ila sauti hatuipati. Kwa Dracula hatukukosa kitu. Ile ya 1966 Lee hasemi neno hata moja, anatazama tu na macho yale mekundu. Nilirudi nyumbani mbio, kandambili nimeshika mkononi.

Fundi Karatasi
Mkuu, bei haitajwi kabla karatasi haijaonekana. Mabango ya Uingereza ya enzi hizo yalilazwa, inchi 30 kwa 40, na yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa. Pitisha kidole kwenye mkunjo. Kwenye nakala ya kisasa mara nyingi mistari imechapwa tu, kidole hakisikii kitu. Kisha soma ukingo wa chini, tafuta jina la mpiga chapa. Usitie selotepu, usililaminishe.
Na tafadhali usipandishe matumaini kwa zile habari za mnada wa Dallas wa 2017, bango lililouzwa dola 525,800. Lile ni la Dracula ya 1931, ya Bela Lugosi, na yaliyobaki duniani ni ya kuhesabu.
Swali: ni lako peke yako?

Mlinzi wa Zamu
Mimi nakwambia lichome. Picha ya mnyonya damu sebuleni halafu mnashangaa riziki haiingii?

Mwana wa Mtambo
Ndugu Mlinzi, nakuheshimu, ila mzee alitusimulia mwisho wa filamu ile mpaka tukaukariri. Peter Cushing, yule mwindaji wa Dracula, anakimbia juu ya meza, anaruka, anavuta pazia, jua linamwagika ndani. Halafu anaunganisha vinara viwili vya mishumaa kuwa msalaba. Dracula anabaki vumbi na pete. Aliyeshinda ni nani hapo?
Fundi, ni la familia. Ila mimi ndiye mkubwa.

Mwana Kisauni
Huku Mombasa bibi yangu hakumjua Dracula, alimjua mumiani. Magharibi ikiingia hatutumwi dukani, mumiani atatukamata atunyonye damu, ikauzwe iwe dawa. Lakini mumiani hana sura! Hujui ni nani, hujui yuko gari gani. Siku nilipoona bango la Dracula nje ya sinema, kwanza nilipumua. Kumbe mnyonya damu ana uso, ana joho, ana nywele zilizochanwa vizuri. Hofu yangu yote ilikuwa pale, imebandikwa ukutani, na mimi naweza kuondoka. Filamu yenyewe sikuwa na pesa ya kuingia. Bango lile ndilo filamu niliyoiona, na mpaka leo naiona.

Fundi Karatasi
Mwana Kisauni umenena. Mchoraji alipewa karatasi moja tu ya kumtia mtu hofu na hamu pamoja.
Mwana wa Mtambo, umepima? Mama yuko hai? Anasemaje?

Hesabu Kali
Mimi naona hii ni chai. Bango la 1958 lidumu Dar na joto hili, mende hawa? Halafu uzi mzima picha hakuna. Mzee alizaliwa lini, na wewe una miaka mingapi? Tuma picha sasa hivi, pamoja na gazeti la leo.

Mwana wa Mtambo
Mzee alizaliwa 1941, mimi 1984. Piga hesabu zako.
Picha siwezi kutuma. Bango halipo kwangu. Yule mgeni alilichukua Jumamosi akalikague, akaniachia 400,000. Mama nimemwambia liko kwa fundi wa fremu. Kabla hamjanihukumu: bati la sebuleni linavuja, masika yakija lingeoza pale pale. Nikiliuza napata bati jipya.

Hesabu Kali
Sasa hapo nakuamini. Mtunga chai angejitengenezea sura nzuri zaidi.

Babu Ukutani
Mwanangu, kabla ya bati mngekaa kwanza wewe, mama na wadogo zako.

Fundi Karatasi
Amekuandikia chochote? Bango lina alama ya kulitambua, asije akakurudishia nakala?

Mwana wa Mtambo
Hakuandika. Alama ipo. Mgongoni mzee aliandika kwa penseli siku zote alizoonyesha filamu hiyo, tarehe chini ya tarehe. Ya mwisho kaipigia mstari mara mbili. Mama anasema ndiyo siku aliyomwona mara ya kwanza, kwenye foleni ya tiketi.

Mwana Kisauni
Hilo hukulisema mwanzoni.

Mwana wa Mtambo
Sikulisema. Jioni hii nimemkuta amesimama sebuleni, ukutani pamebaki pembe nne nyeupe. Ameuliza fremu itakuwa ya rangi gani.

Fundi Karatasi
Kati ya zile 400,000 imebaki ngapi?

Mwana wa Mtambo
310,000.

Babu Ukutani
Njoo inbox. Hizo 90,000 utanirudishia taratibu. Asubuhi na mapema uwe mlangoni kwake.