Kazi ya mtandaoni inanimaliza, naomba ushauri

Habari zenu wadau, mimi ni dada niko Kampala, natesti programu za kampuni moja ya California, na wao kipindi hiki wako nyuma yetu masaa 10, yaani mkutano wao wa saa nne asubuhi kwangu ni saa mbili usiku, mtoto analia, matooke yako jikoni, umeme nao ukikatika ndo basi tena. Bando najinunulia, na ile kodi ya 12% ya data za intaneti juu. Mchana nikitaka kulala mama mkwe ananituma sokoni, si anaona nipo tu nyumbani! Mgongo unauma, marafiki siwaoni. Mnaofanya kazi hivi, bosi mlimwambiaje asogeze muda bila kuwaona wavivu? Na mkwe je?