Geji ya presha: uipime mwenyewe au uipeleke maabara?

Mleta mada
Naanza na msimamo, mnipinge mkitaka: karakana yenye pampu ya mkono na geji moja nzuri ya rejea (ya kulinganishia nyingine) haina sababu ya kupeleka kila geji maabara. Chukueni geji ya bar 10 (bar ni kizio cha presha), daraja la usahihi 1.6. Kosa linaloruhusiwa ni asilimia 1.6 ya mwisho wa kipimo, yaani bar 0.16 popote mshale ulipo. Rejea iwe bora mara nne, isikosee zaidi ya bar 0.04; geji ya bar 16 ya daraja 0.25 inakupa hiyo 0.04 kamili. Funga zote mbili kwenye tii moja (kiungo cha bomba chenye matundu matatu), jaza maji au mafuta, toa hewa yote. Pandisha hadi mwisho mara mbili tatu ili mrija uliopinda ndani ya geji, unaosogeza mshale, uzoee, kisha soma kwenye 0, 2.5, 5, 7.5 na 10, kupanda na kushuka. Cheti cha nini hapo?

Mtu wa maabara
Cheti ni cha hiyo rejea yako, mkuu. Nani kaipima? Ikiwa iliwahi kuanguka na hakuna aliyesema, kosa lake linahamia kwenye geji zote za karakana, na zote zitakubaliana vizuri kabisa. Rejea iende maabara kwa ratiba, ikae kwenye kasha lake, isifungwe kazini hata siku moja.

Na kusoma kwenyewe umekupitia mbio. Ukipandisha kuelekea 5 ukapitiliza hadi 5.1, usirudishe kidogo. Shusha hadi 4, upande upya. Mrija ukishuka kutoka juu husoma zaidi kidogo kuliko ukipanda, hivyo ukichanganya njia mbili namba zako hazina maana. Kila kituo soma kabla ya kugonga kioo kwa kidole, na baada. Mshale ukiruka, kuna msuguano kwenye meno au shafti, na hilo halitibiwi kwa kurekebisha.

Fundi haidroli
Tutenganishe kupima na kurekebisha. Kupima, apime yeyote. Balaa huanza mtu anapong'oa mshale kabla ya kujua kosa ni la aina gani.

Geji ikizidi 0.2 kwenye 0, ikazidi 0.2 kwenye 5 na 0.2 kwenye 10, ni mshale tu. Uvute kwa kivutio chake (bisibisi mbili hupinda shafti), uurudishe mahali pake. Ikiwa sawa kwenye 0, ikazidi 0.2 kwenye 5 na 0.4 kwenye 10, mshale hauna hatia. Tatizo liko kwenye kiungo kati ya mrija na sekta ya meno (kipande chenye meno kinachozungusha shafti ya mshale): kisogeze mbali na egemeo la sekta ili mshale upunguze mwendo, kisha rudi uangalie 0, maana nayo itakuwa imehama. Anayerekebisha kosa hili kwa kuhamisha mshale ili 10 iwe sawa, ameifanya geji isome chini kwa 0.4 kwenye 0. Na kama kuna pini ya kuzuia mshale, hataona kitu: mshale utalala kwenye pini kama uko 0 halali. Geji za pini zirekebishwe kwenye presha ndogo inayojulikana, si kwenye 0.

Fundi boila
Mnaongea kana kwamba geji zote ni sawa. Kwenye boila au autoklevu (chungu cha mvuke wa presha), geji ikisoma chini, mtu anaendelea kupandisha. Huko mwenye idhini ya kukagua ndiye aamue, basi. Geji ya oksijeni nayo isiingie kabisa kwenye pampu ya mafuta. Mabaki ya mafuta yakikutana na oksijeni yenye presha huwaka kwa kishindo. Na msipime presha kubwa kwa hewa: kiungo kikiachia, hewa iliyobanwa hutupa vyuma, maji hayafanyi hivyo.

Mleta mada
Boila na oksijeni nakubali, nimeziondoa kwenye hoja. Lakini kwa geji za presha ndogo hata rejea huhitaji. Mpira wa maji unaoonekana ndani, uninginizwe wima: mita 10.2 za maji ni bar 1, mita 5.1 ni nusu bar.

Mtu wa maabara
Hapo uko sahihi, ila pima kimo cha wima kutoka uso wa maji hadi katikati ya geji, si urefu wa mpira, na kusiwe na kiputo hata kimoja. Hesabu hiyohiyo inakuhusu kwenye tii yako: geji moja ikikaa sentimita 30 juu ya nyingine, maji peke yake yameweka bar 0.03, robo tatu ya ile 0.04 unayojivunia. Joto nalo: nyuzi 10 mbali na nyuzi 20 za Selsiasi zinaweza kuhamisha geji ya kawaida kwa asilimia 0.4.

Fundi haidroli
Geji zilizojazwa glisirini (kimiminika kizito kinachotuliza mshale) mfungue kizibo cha juu kwanza. Joto hujenga presha ndani ya kasha, 0 ikahama, mtu akakimbilia mshale bure.

Mleta mada
Sawa. Naongeza hili kwenye utaratibu wangu: masomo ya mwanzo yaandikwe kabla ya kugusa skrubu yoyote. Ikiwa geji ilikuwa imepotoka bar 0.5, kila kazi iliyofanyika nayo tangu kipimo cha mwisho inabidi iangaliwe upya, na baada ya kurekebisha ushahidi huo haupo tena.

Mtu wa maabara
Na namba ya geji, tarehe, na joto la chumba, kwenye karatasi hiyohiyo. Ukifanya hayo yote, kwa geji za kawaida za karakana sina ubishi na wewe. Ubishi wangu umebaki kwenye rejea.