Tupeane uzoefu: kulea watoto kwenye ranchi ndogo, kati ya zizi na shule

Mama Mtamba (Kongwa)

Habari zenu wafugaji wenzangu. Tuko Kongwa, mimi, mume wangu na watoto watatu, huu mwaka wa sita. Tuna ekari 80, ng'ombe 34, wengi aina ya Mpwapwa na chotara wa Boran, na mbuzi kama 50. Tulitoka Dar watoto wakiwa wadogo. Mkubwa sasa ana miaka 11, yuko darasa la tano. Anayemfuata ni wa kike, ana 7, na kitinda mimba ana 3.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mwezi uliopita yule mkubwa aliamka kabla yetu sote, akaenda zizini kama kawaida yake. Akaona ndama mmoja amejitenga, masikio yamelala, hanyonyi. Akampapasa chini ya sikio akakuta tezi limevimba. Akachukua kipima joto cha baba yake, kikasoma 41. Anajua ng'ombe mzima anacheza kwenye 38 na nusu, kwa hiyo akaja mbio kutugongea: "Baba, ndigana!" Ndama alichomwa sindano asubuhi ileile na leo anaruka zizini. Mnajua wenyewe, ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ukiisubiri mpaka ndama atoe povu puani, umeshamkosa.

Lakini mtoto alifika shuleni saa tatu, akaadhibiwa kwa kuchelewa. Tangu siku hiyo anasema shule basi, yeye atakaa na ng'ombe. Baba yake kifua kimejaa, anasema mtoto ameshapata kazi yake duniani. Mimi usingizi hauji. Najivunia mwanangu, Mungu anajua, na papo hapo naogopa.

Naomba msinijibu kwa maneno ya jumla. Nielezeni yaliyotokea nyumbani kwenu: mtoto alianza kazi gani akiwa na umri gani, na mpaka wake mliuweka wapi.

Layoni wa zamani (Simanjiro)

Kwetu ngazi inajulikana. Mtoto wa miaka mitano au sita anakaa na ndama na wanakondoo karibu na boma, mahali mama akiita anasikia. Akikua anapewa mbuzi na kondoo. Ng'ombe wa kwenda mbali ni wa layoni mkubwa, yaani mvulana mchungaji, na hata huyo haendi peke yake kiangazi, maana fisi na simba hawaulizi umri. Mimi nilianza hivyo na wanangu wameanza hivyo. Tofauti ni moja: wangu wanachunga Jumamosi na likizo tu. Siku za shule nimeajiri mtu. Inanigharimu, lakini nililiamua hilo kabla hawajazaliwa.

Mzee wa Ngitili (Meatu)

Mama Mtamba, salamu kutoka Meatu. Nimesoma habari ya mwanao nikaona nisilale kabla sijakuandikia.

Nilizaliwa 1966. Baba yetu alikuwa na ng'ombe zaidi ya 200 na watoto wa kiume watano. Mwaka 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza, mtendaji alipita kaya kwa kaya kuandikisha watoto. Baba akatupanga. Wanne tukaandikishwa. Mmoja, mdogo wangu anayenifuata, akaondoshwa usiku na ng'ombe kwenda malisho ya mbali, akakaa huko mpaka mtendaji alipomaliza kijiji chetu. Mdogo wangu hakufichwa kwa sababu hapendwi. Alifichwa kwa sababu alikuwa hodari kuliko sisi wote, na kwa baba kumkabidhi mtoto ng'ombe ilikuwa ndiyo heshima kubwa aliyokuwa nayo. Naomba mtakaomhukumu baba yangu mlijue hilo kwanza.

Leo huyo ndugu yangu ndiye mfugaji bora kwenye ukoo mzima. Ngitili yake, yale malisho tunayoyatenga kwa ajili ya kiangazi, anaifunga mvua zikianza, hagusi mtu, na kiangazi kikikaza ng'ombe wa wengine wanadondoka, wake wanatafuna majani aliyoyatunza. Mimi mstaafu mwenye cheti huenda kwake kuomba ushauri.

Mwaka juzi alipeleka madume 9 mnadani. Mnunuzi akaandika karatasi, ndugu yangu akaweka dole gumba. Jioni akaja kwangu na ile karatasi na fedha kwenye mfuko wa rambo, akaniuliza taratibu, "Kaka, hapa wameandika ngapi?" Walikuwa wameandika 7. Nikamwambia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: "Ningekuwa na wewe pale." Ana miaka 57, Mama Mtamba, na bado anahitaji kaka yake awe pale.

Mwanao alisoma 41. Ile namba hakuipata zizini, aliipata darasani. Mwonyeshe hilo kwanza, kabla hujamwambia lolote kuhusu shule.

Mama Kajiado

Mzee, hadithi yako nimeisoma mara mbili. Asante.

Mimi ni wa upande wa Kenya. Shamba letu lilitoka kwenye ranchi ya kikundi, ardhi ya pamoja, iliyogawanywa, tukapata ekari 60. Sina jibu la shule, nina jibu la moyo wa mtoto, na naona hakuna aliyeligusa.

Binti yetu alipozaliwa, baba yake alimpa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kama desturi. Alikua naye. Alimpa jina, akajua uzao wake wote. Halafu ukaja ule ukame ulioanza mwisho wa 2020, mvua zikakosa msimu baada ya msimu. Mwaka 2022 mume wangu akawahamisha ng'ombe 41 kuelekea upande wa vilima vya Chyulu kutafuta nyasi. Mimi nikabaki na watoto na ng'ombe dhaifu wasioweza safari, na ng'ombe wa binti alikuwa miongoni mwao. Kila asubuhi kabla ya shule tulikuwa tunawanyanyua: mmoja anashika mkia, wawili wanapitisha gunia chini ya tumbo, tunahesabu mpaka tatu. Mtoto wa miaka 9, mabega yake yalikuwa na alama za kamba.

Siku moja akiwa shuleni ng'ombe wake hakuinuka tena. Nilimwita jirani tukamburuta mbali. Binti aliporudi nikamwambia baba yake alituma mtu, ng'ombe amepelekwa Chyulu na wenzake. Nilidhani namhurumia. Miezi minne baadaye mume wangu alirudi na ng'ombe 13. Binti alisimama langoni akawahesabu wakiingia mmoja mmoja. Wa mwisho alipoingia hakulia, aligeuka akanitazama tu. Ule mtazamo ndio ulioniumiza kuliko ukame wenyewe.

Nilimwomba msamaha, na ilichukua muda. Sasa nyumbani mnyama akifa mtoto anaambiwa siku ileile, na akitaka kumwona anamwona. Mtoto aliyekabidhiwa uhai wa mnyama ana haki ya kujua amekufa lini.

Baba wawili (Handeni)

Mimi nitasema la hatari, kwa sababu mpaka mwaka jana nilidhani hatari ya zizini ni pembe na mateke.

Nilinunua dawa ya kuogesha ng'ombe, ya kuua kupe, nikabakiza kidogo baada ya kupulizia, nikaimimina kwenye chupa ya soda nikaiweka dirishani stoo. Mwanangu wa miaka 4 akaiona. Mama yake alimkuta anatoa mate mengi, macho yanamtoka machozi. Jirani akashauri tumtapishe, mwingine akaleta maziwa. Tulimpakia kwenye bodaboda, kilomita 14 mpaka kituo cha afya. Mganga aliuliza mambo mawili. La kwanza, mmemtapisha? Tulisema hapana, akashukuru, akatueleza kuwa dawa hizi nyingine huwa na mafuta ndani yake, na mtoto akitapika huweza kuingia mapafuni ikawa balaa juu ya balaa. La pili, chupa yenye jina la dawa iko wapi? Sikuwa nayo. Ile chupa yenye lebo niliitupa. Ilibidi nirudi kilomita 14 kuitafuta jalalani huku mwanangu amelazwa, ndipo wakajua wanapambana na nini.

Alipona baada ya siku tatu. Kosa ni langu na nimelikubali mbele ya mke wangu.

Dawa zangu sasa zinakaa kwenye chupa zilezile zilizonunuliwa nazo, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, na funguo ninayo mimi. Siku ya kupulizia, watoto hawakanyagi zizini mpaka ng'ombe wakauke. Huyu wa miaka 11 wa Kongwa anaweza kupima joto, sawa, lakini bomba la kupulizia asishike.

Nyakato (Karagwe)

Naongezea la maziwa, kwa kifupi. Mume wangu alilelewa kwa maziwa mabichi ya ng'ombe wa Ankole na hakutaka kusikia habari ya kuchemsha. Kijana wetu akawa na homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, magoti yanauma. Tulimtibu malaria mara mbili na homa ya matumbo mara moja. Mwisho alipimwa, akakutwa na brusela, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba. Wiki sita za vidonge. Tangu hapo tunachemsha, hata ya mtindi tunachemsha kwanza. Na ng'ombe akitupa mimba, watoto hawasogei pale, anayezika anavaa mifuko mikononi.

Mama Mtamba (Kongwa)

Jamani. Nimekaa na simu mpaka chaji imekata, nikachomeka nikaendelea.

Baba wawili, niliposoma post yako niliinuka saa ileile nikaenda stoo. Nimekuta chupa mbili za maji zina dawa. Asante, ndugu yangu. Nyakato, na sisi tulikuwa tunachemsha ya chai tu.

Mzee wa Ngitili, shikamoo. Jana jioni baada ya kukamua nilimsomea mwanangu habari ya ndugu yako neno kwa neno, baba yake akiwa amekaa palepale. Mume wangu hakusema kitu, ila asubuhi aliniambia atakwenda shuleni mwenyewe kuongea na mwalimu. Tumekubaliana hivi: asubuhi mtoto anakagua ndama tu, nusu saa, akiona tatizo anatuita na kazi inabaki yetu, yeye anaoga anakwenda. Kuchunga ni Jumamosi, pamoja na mchungaji wetu. Na tumemnunulia daftari kubwa. Humo anaandika kila ndama: tarehe ya kuzaliwa, mama yake, dang'a, yale maziwa ya kwanza, alinyonya saa ngapi, siku ya chanjo ya ndigana. Amejaza kurasa nne, na mwandiko wake, ambao mwalimu aliulalamikia mwaka mzima, umenyooka ghafla.

Bado ana uchungu na ile adhabu. Shule anakwenda, lakini hajasema kama ameipenda tena, na sitamlazimisha aseme.

Ila alipomaliza kunisikiliza aliniuliza swali nikashindwa, nikamwahidi nitakuuliza wewe. Kama babu huyo hajui kusoma namba za hereni za masikioni, anawatambuaje ng'ombe wake?

Mzee wa Ngitili (Meatu)

Marahaba, mwanangu.

Nimempigia nikamuuliza mwenyewe, amecheka sana. Anasema anawajua kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao, na usiku anawajua kwa kikohozi. Sasa na yeye ana swali kwa mjukuu wa Kongwa: yule ndama aliyepona, tezi la chini ya sikio limerudi kuwa dogo kabisa, au akilipapasa bado analisikia?