Mjadala: SGR, reli mpya ya kisasa, imeanza. Reli ya zamani ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja ifufuliwe au iachwe?

Mleta Mada

Wakuu, 2024 ulikuwa mwaka mzito kwa reli upande wetu huu. Juni 14 treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, mwishoni mwa Julai ikafika Dodoma, na Agosti 1 Rais Samia akaizindua rasmi. Septemba, Tanzania, Zambia na China zikatia saini Beijing makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Oktoba, Uganda ikafunga mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, wa kujenga SGR ya Malaba hadi Kampala. Mwaka huohuo shaba ya Kongo ikapita kwenye reli ya Lobito, Angola, hadi Atlantiki na kupakiwa melini kwenda Marekani.

Swali langu: fedha ziende wapi? Mimi nasema SGR tu. Ekseli (mhimili wa magurudumu) inabeba tani 35, abiria wanakimbia kilomita 160 kwa saa, mizigo 120. Reli ya Mjerumani, hiyo ya mita moja, ilifika Kigoma 1914, imeshafanya kazi yake. Kila shilingi tunayoizika kule inachelewesha SGR kufika Mwanza na Kigoma.

Taruma

Napinga. Tangu ianze Juni hadi mwisho wa 2024, SGR ilibeba abiria tu. Mabehewa yake 264 ya mizigo yaliteremshwa bandarini Desemba. Saruji, mafuta na kontena za Isaka, Mwanza na Kigoma zilizokwenda kwa reli zilipita kwenye geji ileile ya mita moja unayotaka tuiache.

Tufanye hesabu ya behewa moja la ekseli nne. Kwenye reli nyepesi ya zamani, chukua tani 13.5 kwa ekseli: jumla 54. Toa uzito wa behewa lenyewe, tani 16, unabaki na 38. Kontena mbili za futi 20 zenye tani 24 kila moja ni tani 48, kwa hiyo behewa linaondoka na kontena moja na nafasi tupu. Mradi wa kukarabati Dar hadi Isaka, kilomita 970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulilenga ekseli ya tani 18.5. Hapo jumla ni 74. Hata behewa likiwa na tani 18, kontena zote mbili zinaingia. Geji haijabadilika hata milimita moja. Kilichobadilika ni reli nzito zaidi, kokoto safi na madaraja yaliyoimarishwa.

Watu wanadhani reli huchoka kwa umri. Reli huchoka kwenye maungio, pale vipande vyake vinapounganishwa kwa bolti. Maji yakituama chini ya ungio, kila gurudumu likipita, taruma (gogo au zege linalolala chini ya reli) linapanda na kushuka, linafyonza tope na kulipandisha kati ya kokoto. Ukipita kwa miguu utaliona: kokoto zimegeuka rangi ya udongo na kushikana kama zege, na ungio limezama sentimita moja au mbili. Baada ya hapo ufa unaanzia kwenye tundu la bolti. Dawa yake inajulikana: chimba kokoto chafu sentimita 25 chini ya taruma, fungua mtaro wa pembeni maji yatoke, rudisha kokoto safi, shindilia, kisha chomelea reli ili maungio yapungue. Ukishindilia bila kufungua mtaro, mvua ya kwanza inakurudisha ulipoanza.

Kidatu

Nyote wawili mnaruka jambo kubwa, nalo ni geji tatu. SGR ni milimita 1,435. Reli ya kati, na ile ya Kenya na Uganda ya zamani, ni 1,000. TAZARA ni 1,067, sawa na Zambia, Kongo na Angola. Lobito inapata mzigo kwa sababu behewa linatoka Kolwezi, Kongo, hadi bandarini bila kubadili geji, ingawa kipande cha Kongo ni kibovu na treni hutambaa.

Wengine husema tuongeze reli ya tatu pembeni. Kati ya 1,435 na 1,000 kuna milimita 435, inawezekana. Kati ya 1,435 na 1,067 kuna 368, inawezekana pia. Lakini kati ya 1,067 na 1,000 kuna 67 tu, na kitako cha reli peke yake kina upana wa milimita 125 hadi 150. Reli mbili haziwezi kukaa hapo bega kwa bega. Ndiyo maana Kidatu, TAZARA inapokutana na tawi la reli ya kati, mzigo huhamishwa.

Na kuhamisha kuna gharama. Treni ya mabehewa 40 ina kontena 80 za futi 20. Kreni moja ikitumia dakika tatu kwa kila kontena, ni saa nne, endapo treni ya pili imesimama tayari sambamba. Isipokuwepo, kontena inawekwa chini na kunyanyuliwa tena: saa nne zinakuwa nane, hujaweka muda wa kupanga mabehewa. Mwenye lori anakuwa keshavuka Morogoro.

Tazama Kenya. SGR ya dizeli ilifika Nairobi 2017 na Naivasha 2019. Kutoka hapo ilibidi wajenge kiunganishi hadi Longonot na kukarabati geji ya mita moja mpaka Malaba. Kama wangeing'oa, kontena la Kampala lingeishia Naivasha.

Waya

Niongeze upande wa umeme, maana unatajwa kwa ushabiki tu. SGR ya Tanzania inatumia kilovolti 25. Nyaya zikikatika au kikombe cha kuhami kikipasuka, treni zote za kipande hicho zinasimama pamoja. Mwaka huo wa kwanza ngedere na bundi walitajwa kuwa chanzo cha hitilafu. Si jambo la kuchekwa. Mnyama akigusa waya na chuma cha nguzo kwa wakati mmoja, swichi inajikata yenyewe ili kulinda mtambo. Kinga yake ni rahisi: mabati ya kuteleza kwenye nguzo, miti ikatwe mita kadhaa kutoka kwenye nyaya, na kichwa cha dizeli kikae tayari kila kituo kikubwa. Reli ya zamani ikiwa hai, vichwa na mafundi wa dizeli wapo. Ikifa, ujuzi huo unaondoka nayo.

Mleta Mada

Hesabu ya Taruma nimeirudia mwenyewe, na hoja ya kontena mbili naikubali. Lakini bado fedha hazitoshi kwa njia zote mbili. Mkiambiwa mchague kipande kimoja tu cha reli ya zamani, mtachagua kipi? Na mseme kazi ianze lini.

Kidatu

Mimi naweka yadi ya Isaka. Bandari kavu ipo, mzigo wa Rwanda unashukia pale, na SGR ya kutoka Tabora na ya kwenda Mwanza zitakutana hapo. Njia za geji zote mbili zilazwe sambamba chini ya kreni moja tangu sasa, sakafu ikiwa bado haijamwagwa zege.

Taruma

Kilosa hadi Gulwe na Igandu. Reli pale inafuata bonde la Mkondoa na Kinyasungwe, na mto ukijaa unabeba tuta, reli inabaki inaning'inia na mataruma yake hewani. Tuta likikatika hapo, hata Isaka ikiwa nzuri kiasi gani haipokei kitu kutoka Dar. Kalvati (mabomba ya kupitisha maji chini ya tuta) zizibuliwe mchanga, kingo za mto zipangwe mawe ndani ya nyavu za waya, na kokoto za akiba zirundikwe kwenye mabehewa Kilosa na Dodoma, pande zote mbili za hatari, kwa sababu njia ikikatika huwezi kuzivusha.

Waya

Basi kazi hiyo ianze Juni baada ya masika. Miezi mitatu inatosha kabla ya vuli.

Taruma

Hapana, hiyo ni kalenda ya Pwani. Dodoma ina msimu mmoja, mvua huanza Desemba na kuendelea hadi Aprili, na mchanga wa juu ndio unaoziba kalvati za chini. Anza Mei mto ukipungua, na mwisho wa Novemba kila kalvati iwe imekaguliwa kwa kupita ndani na tochi.